Kufunga Mashine ya Kuonyesha Samaki Kwenye Mtumbwi

Tuseme umeingia dukani. Juu ya meza pana mashine ndogo yenye kioo. Muuzaji anaiwasha. Kioo kinawaka. Unaona maji ya buluu, unaona chini ya ziwa, unaona samaki wanapita. Pembeni pana namba. Inasema mita 24. Unafurahi. Unaingiza mkono mfukoni.

Ngoja kwanza. Tazama pale mezani. Maji yako wapi? Hakuna maji. Basi samaki wale wametoka wapi?

Wametoka ndani ya mashine yenyewe. Ni picha za maonyesho, kama picha za sinema. Mashine nyingi za namna hii zina picha hizo, ili mnunuzi aone jinsi kioo kinavyofanya kazi. Si vibaya, kama muuzaji atakueleza hivyo. Lakini mtu asiyejua hudhani kwamba mashine imekwisha kuona samaki. Hulipa fedha zake, akaenda nayo Ujiji, akaifunga vibaya, akaingia ziwani usiku kucha. Asubuhi anarudi mwaloni na mtumbwi mtupu. Watoto wanamngoja. Fedha zimekwenda.

Wauzaji wengine huiita mashine hii fishi-fainda. Sisi tutaiita mashine ya kuonyesha samaki. Tutaeleza jinsi inavyofanya kazi, jinsi ya kuifunga kwenye mtumbwi mdogo wa kasia, na jinsi ya kusoma kioo chake hapa kwetu. Ziwa Tanganyika si kama maziwa mengine. Kitabu kinachokuja na mashine hakikuandikwa kwa ajili ya mvuvi wa Ujiji.

MASHINE HUSIKIA, HAIONI

Simama mbele ya mlima, upige kelele. Baada ya kitambo kidogo utasikia sauti yako ikirudi. Huo ni mwangwi. Mlima ukiwa karibu, mwangwi hurudi upesi. Mlima ukiwa mbali, mwangwi huchelewa.

Mashine hufanya vivyo hivyo. Ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kioo, ambacho hukaa juu mbele yako. Ya pili ni kichwa, ambacho hukaa majini. Kichwa kimeungwa na kioo kwa waya mrefu. Kichwa hupiga sauti kwenda chini. Sauti hiyo ni nyembamba sana, sikio la mtu haliisikii. Sauti ikigonga chini ya ziwa hurudi. Kichwa huisikia, na mashine huhesabu ilichukua muda gani kwenda na kurudi.

Katika maji, sauti huenda upesi sana. Kwa sekunde moja huenda mita 1,500 hivi. Hewani huenda mita 340 tu. Sasa fanya hesabu. Sauti imerudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Imekwenda mita ngapi? Gawa 1,500 kwa 10. Utapata mita 150. Lakini hizo ni za kwenda na kurudi. Gawa kwa 2. Kina ni mita 75. Mashine hufanya hesabu hiyo mara nyingi kila dakika, wala haichoki.

Na samaki je? Umepasua samaki mara nyingi, wewe na watu wa nyumbani kwako. Ndani ya tumbo, chini ya uti wa mgongo, mna kifuko cheupe chenye hewa. Kifuko hicho humsaidia samaki kukaa majini bila kuzama wala kuelea. Sauti ikigonga hewa hiyo hurudi kwa nguvu. Kwa hiyo mashine haimjui dagaa wala kuhe. Husikia kwamba kuna kitu pale, katika kina fulani. Jina la kitu hicho utalitaja wewe mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye unayelijua ziwa.

Jambo hili si geni hapa. Zamani watu walipima kina cha ziwa kwa kamba na jiwe. Kamba ikiisha kabla ya kugusa chini, walisema ziwa halina mwisho. Mwaka 1946 na 1947 watafiti kutoka Ubelgiji walizunguka ziwa zima wakipima kwa sauti. Walikuta mwisho upo. Mahali penye kina kikubwa kuliko pote ni mita 1,470. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walitumia sauti hiyo hiyo kukadiria wingi wa samaki wa ziwa hili. Katika miaka ya 1990 meli ya utafiti iliyoitwa Tanganyika Explorer ilifanya kazi ya namna hiyo. Mashine zao zilikuwa kubwa na za bei kubwa sana. Ya siku hizi unaweza kuibeba kwa mkono mmoja.

JE, WEWE UNAIHITAJI?

Wengine hawaihitaji sana. Mvuvi wa dagaa huenda na taa. Zamani alitumia karabai, siku hizi wengi hutumia taa za betri. Taa huwaita dagaa, nao huja juu wenyewe. Mashine inaweza kumwonyesha kama dagaa wamekwisha kukusanyika chini ya taa na wako kina gani, ili ajue wakati wa kuinua wavu. Hilo ni jema. Lakini mvuvi mzoefu hujua mengi ya hayo kwa kutazama maji tu.

Anayefaidika zaidi, kwa maoni yangu, ni mvuvi wa mshipi na ndoano mwenye mtumbwi mdogo. Huyu hutafuta mahali penye mawe chini, mahali ziwa linapoanza kushuka, na kina walichokaa migebuka. Akikosea kina kwa mita 20, ndoano yake hucheza bure usiku mzima. Mwenye wavu wa kutega naye hufaidika, kwa kuwa atajua mahali penye mawe au visiki kabla wavu haujararuka. Wavu mpya ni ghali, wewe unajua.

Kama fedha ni kidogo, nunueni watu wanne au watano pamoja. Tutaona hapa chini kwamba mashine inaweza kufungwa na kufunguliwa kila siku. Inaweza kuhama kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo matatu. Inatumia umeme wa volti 12? Nyingi hutumia huo. Kichwa chake na waya wake vipo katika boksi? Bila kichwa, kioo hakina kazi. Tena, katika maji yasiyo ya chumvi inafika mita ngapi? Mwombe azime picha za maonyesho. Kioo kikibaki bila samaki, usihuzunike. Hapo ndipo mashine inasema kweli.

USITOBOE MTUMBWI

Sasa tufunge. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lake linaweza kuua.

Katika nchi nyingine watu huvua kwa mitumbwi midogo ya plastiki. Wao hubandika kichwa ndani ya mtumbwi, juu ya sakafu yake. Sauti hupita katika plastiki nyembamba na kuingia majini. Mtumbwi wetu ni wa mbao. Mbao ina vijitundu vingi vyenye hewa, na tumeona kwamba sauti ikigonga hewa hurudi. Kwa hiyo ukibandika kichwa ndani ya mtumbwi wa mbao, mashine haitasikia kitu. Kioo kitajaa madoadoa.

Mtu akiona hivyo, hushikwa na wazo la kutoboa sakafu ili kichwa kitokeze majini. Usifanye hivyo. Tundu katika sakafu ni mlango wa maji. Hata ukikalafati kwa pamba na mafuta, kichwa hutikisika kila mtumbwi unapovutwa mchangani, na kalafati hulegea. Mchana utaona maji yakiingia. Usiku, ukiwa umekazia macho mshipi, utayaona yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Upepo wa kusini ukivuma wakati huo, utafanya nini?

Njia nzuri ni ya mti wa pembeni. Haitaki kutoboa chochote kilicho chini ya maji.

Tafuta mti ulionyooka, mnene kama mpini wa jembe. Urefu wake utoke juu kidogo ya ukingo wa mtumbwi, ufike chini ya maji kwa kiasi cha kiganja na nusu, yaani sentimita 20 hadi 30. Kipande cha bomba la chuma ni bora zaidi, kwa kuwa hakipindi. Funga kichwa kwenye ncha ya chini kwa bolti na nati zilizokuja nacho. Kama tundu zake haziingii katika mti wako, mwone fundi wa baiskeli. Atakukatia kibati cha kushikia.

Kisha tafuta ubao wa kukalia ulio karibu na katikati ya mtumbwi, au nyuma yake kidogo. Usichague mbele kabisa. Mbele mtumbwi hupasua maji na kutia mapovu, na mapovu ni hewa. Usichague mahali kasia lako linapopita. Kama una injini, kaa mbali na pangaboi. Funga mti kwenye ubao huo kwa kamba imara, mara mbili, juu na chini ya ubao, ili ukae wima ukipita nje ya ukingo. Halafu funga kamba nyembamba kutoka ncha ya chini ya mti kwenda mbele ya mtumbwi. Kamba hiyo huzuia maji yasiusukume mti nyuma unapopiga kasia.

Sasa tazama uso wa kichwa. Lazima utazame chini moja kwa moja, kama timazi ya mwashi. Ukiinama kidogo, sauti itakwenda upande na namba ya kina itakuwa ya uongo. Tena tazama mtumbwi ukiwa na watu na nyavu ndani yake, si mtumbwi mtupu mchangani. Mtumbwi ukibeba mzigo hubadili mlalo wake. Kwa hiyo kazi ya kunyoosha imalizikie majini, mahali maji yanapofika kiunoni, mwenzako akiwa amekaa ndani.

Unaporudi mwaloni, fungua kamba na uinue mti kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Hili husahaulika sana. Kichwa kikisukumwa mchangani hupasuka, na kununua kichwa kipya peke yake si rahisi.

Waya wa kichwa ni mrefu kuliko unavyohitaji. Usiukate. Ndani yake mna nyaya ndogo ndogo, na ukizikata na kuziunga tena sauti hupotea. Uzungushe uliobaki, uufunge vizuri chini ya ubao. Usiupitishe pamoja na waya wa taa au waya wa injini. Umeme wa taa huingilia, na kioo huonyesha mvua ya madoa. Ukiona mvua hiyo, zima taa moja moja. Doa likiondoka, umempata mwizi.

UMEME WAKE

Mashine hutumia betri ya volti 12. Betri ndogo iliyofungwa, isiyomwaga maji makali, inafaa zaidi katika mtumbwi. Iweke katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, chini katikati, na uifunge ndoo isiteleze. Betri ikikaa juu au upande mmoja, mtumbwi mwembamba huyumba.

Waya mwekundu uende kwenye ncha yenye alama ya kujumlisha, +. Waya mweusi uende kwenye ncha yenye alama ya kutoa, −. Ndiyo, alama zile zile ulizojifunza katika hesabu. Ukizibadilisha unaweza kuiua mashine siku ya kwanza.

Katika waya mwekundu, karibu na betri, weka fyuzi. Fyuzi ni kijiwaya kidogo ndani ya kikasha. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika na mashine hupona. Ukubwa wa fyuzi umeandikwa katika kitabu cha mashine. Usome, au mpe mwanao akusomee, lakini uhakikishe kwa macho yako mwenyewe. Fyuzi ikikatika, usitie kipande cha waya wa kawaida mahali pake. Waya huo hautakatika. Kitakachoungua ni mashine, au mtumbwi.

Wengi siku hizi wana paneli ya jua nyumbani. Usiunge mashine moja kwa moja na paneli. Paneli iliyoandikwa volti 12 inaweza kutoa karibu volti 20 jua likiwa kali. Chaji betri kwanza, kwa kupitia kile kifaa cha kupunguza chaji, kisha betri ndiyo iilishe mashine.

Betri itakaa saa ngapi? Betri imeandikwa, tuseme, 7 Ah. Mashine ndogo hula nusu ya ampea hivi. Gawa 7 kwa nusu. Utapata saa 14. Lakini betri ya namna hii ikinyonywa mpaka mwisho hufa mapema. Tumia nusu tu. Basi una saa 7. Kioo ukikipunguza mwanga, utaongeza muda, na usiku macho yako hayatapofuka.

JARIBU KWANZA KWA KAMBA

Usiiamini mashine kwa kuwa ni ya kigeni. Ipime.

Chukua kamba na jiwe. Funga fundo kila baada ya mita moja. Ingia ziwani mchana, upepo ukiwa umetulia, mahali unapopajua. Teremsha jiwe mpaka liguse chini. Hesabu mafundo. Tuseme ni 8. Tazama kioo. Kama kichwa kiko sentimita 20 chini ya maji, mashine itasema mita 7.8, kwa kuwa inapima kuanzia kwenye kichwa. Hapo imesema kweli. Ikisema 5 au 11, kichwa kimeinama, au una mapovu chini yake. Nyosha, upime tena.

Fanya hivyo mahali patatu au panne. Usidharau kazi hii. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, yakafunika sehemu za ufuko. Palipokuwa na miti na kuta, leo pana maji juu yake. Kina ulichorithi kwa baba yako huenda si kile tena. Kamba na mashine zitakuonyesha.

KUSOMA KIOO

Watu hudhani kioo ni dirisha la kutazama chini ya mtumbwi. Sivyo. Upande wa kulia wa kioo ndio unaoonyesha yaliyopo sasa. Yote yaliyo kushoto yamekwisha kupita. Ukimwona samaki katikati ya kioo, samaki huyo ulimpita zamani kidogo. Usiteremshe ndoano pale ulipo. Rudi nyuma polepole.

Mstari mnene wa chini ndio sakafu ya ziwa. Mawe hurudisha sauti kwa nguvu, na mstari huwa mnene wenye rangi kali. Tope humeza sauti, na mstari huwa hafifu. Jaribu kusini ya Ujiji, karibu na mdomo wa mto Luiche, ambako mto humwaga tope. Halafu siku nyingine jaribu kaskazini ya Kigoma, kwenye fuko za mawe kuelekea Gombe. Utaona tofauti mara moja, na baada ya hapo hutahitaji mwalimu.

Samaki mmoja anayepitiwa na mtumbwi huonekana kama upinde mdogo. Kundi la dagaa huonekana kama wingu. Ikiwa mtumbwi umesimama na samaki amesimama chini yako, hutaona upinde, utaona mstari mrefu. Ni samaki yule yule. Usimhesabu mara kumi.

Mashine nyingi zina kitufe cha kubadilisha alama hizo ziwe picha za samaki wadogo na wakubwa. Kizime. Mashine ikisikia jani, povu au kipande cha ukuni, hukichora samaki. Inapendeza kutazama, lakini inadanganya.

Tena ujue upana wa sauti. Sauti hutoka kama mwanga wa tochi, nyembamba juu na pana chini. Kwa vichwa vingi vyenye sauti nyembamba, chukua kina ugawe kwa 3. Katika kina cha mita 30, mashine husikia duara lenye upana wa mita 10 hivi. Samaki aliye nje ya duara hilo hayupo kwa mashine, hata kama ni mkubwa kama mtoto.

CHINI YA MITA MIA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kitabu cha mashine hakitakuambia.

Ukipiga kasia kutoka Ujiji kwenda mbali, ziwa hushuka upesi. Katika bonde la Kigoma kina hufika mita 1,310 hivi. Mashine ndogo haiwezi kusikia mwangwi kutoka huko. Mstari wa chini utapotea, na namba itaanza kuwaka na kuzima, au itaruka ovyo. Mashine haijaharibika. Ni sauti yake imekwisha nguvu. Usiirudishe dukani, na usiamini namba hiyo.

Wengine wakiona hivyo husema, “Natafuta mashine yenye nguvu zaidi, samaki wakubwa wako chini kabisa.” Hapana. Samaki huvuta hewa iliyomo majini kwa mashavu yake. Katika ziwa letu hewa hiyo iko juu tu. Maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki vizuri, kwa hiyo hewa haifiki chini. Upande wa kaskazini, ambako Kigoma iko, hewa huishia kwenye mita 100 hivi au kupita kidogo. Upande wa kusini, kuelekea Zambia, hufika mita 200 hivi. Chini ya hapo ni maji matupu mpaka sakafuni. Hakuna dagaa, hakuna mgebuka, hakuna kuhe.

Kwa hiyo ukiwa ziwani mbali, iweke mashine isome kuanzia juu mpaka mita 100 au 150 tu. Kioo kitagawa sehemu hiyo vizuri na utaona alama ndogo. Ukiiacha isome mita 500, samaki wako wote watabanwa juu kama mstari mmoja, na sehemu kubwa ya kioo itaonyesha maji yasiyo na uhai. Mashine ikikuchorea samaki katika mita 300, cheka.

Mchana dagaa hushuka. Jua likizama hupanda, na migebuka huwafuata, kwa kuwa dagaa ndio chakula chao. Ukiwasha mashine saa kumi na moja jioni na kuiacha mpaka saa mbili usiku, unaweza kuliona wingu likipanda polepole. Pima kina chake, uteremshe ndoano hapo hapo, si chini yake. Samaki wengi wawindaji hutazama juu wanapotafuta chakula. Ndoano ikiwa juu yao kidogo wataiona.

MACHO YASIBAKI KWENYE KIOO

Kioo huvuta macho. Mtu akikitazama sana, hatazami mawingu, wala mawimbi, wala mwanga wa boti kubwa inayokuja. Mtumbwi mdogo hauna subira. Kiweke kioo mbele yako, chini ya usawa wa kifua, ili ukitazame ukiwa umekaa. Usisimame kwa ajili yake. Vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Maji yakiingia na mtumbwi ukapinduka, iache mashine. Shika mtumbwi.

Kuna jambo jingine. Mashine itakuonyesha mahali penye mawe ambapo kuhe hufanya viota. Kuhe dume na jike hukaa pamoja kulinda watoto wao. Ukiwavua wote wawili, watoto huliwa na samaki wengine siku hiyo hiyo. Umepata samaki wawili, umepoteza wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza kwamba maji ya juu ya ziwa hili yanazidi kuwa na joto, na kwa sababu hiyo chakula cha samaki kimepungua. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu ile ilikuwa mirefu kwa watu wa Ujiji, Katonga na Kibirizi. Mtu mwenye mashine anaweza kuwafuata samaki mpaka mahali pa mwisho walipojificha. Zungumzeni jambo hili katika kikundi chenu cha BMU kabla mashine hazijawa nyingi mwaloni. Mkiona mahali pa viota, paandikeni, na mkubaliane nani asivue hapo na kwa muda gani.

Mkiwa na swali la ufundi, Kituo cha Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kipo Kigoma. Chuo cha uvuvi, FETA, nacho kipo Kibirizi. Nendeni na mashine yenyewe na mti wake, si maneno tu.

HESABU ZA DARASA

1. Sauti imerudi baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Kina ni mita ngapi?

2. Kina ni mita 60. Duara la sauti lina upana wa mita ngapi?

3. Betri imeandikwa 12 Ah. Mashine hula nusu ya ampea. Ukitumia nusu ya betri tu, utavua saa ngapi? Ukiondoka mwaloni saa 12 jioni, betri itafika nusu saa ngapi?

4. Kamba inasema mita 9. Mashine inasema mita 6. Utafanya nini kwanza?